Friji Inatekenya

Mama ndiye aliyeanza kusema kwamba friji inatekenya. Aligusa mlango wake kwa mkono wenye maji, akaruka kidogo, kisha akacheka. "Leo imeamka na michezo yake," alisema. Tukazoea. Aliyetaka maji baridi aliambiwa avae ndala kwanza. Hata wageni walionywa hivyo, nao wakacheka. Mdogo wangu aliposikia habari hiyo kwenye simu, alisema, "Mama, iambie ikuheshimu. Jumamosi nakuja kuiangalia." Jumamosi ile ikapita, na iliyofuata pia.

Mdogo wangu tulimwita Injinia. Hakusomea kazi hiyo. Alikuwa na bisibisi na mkono mwepesi, basi. Akiwa darasa la nne alifungua redio ya baba, akaifunga tena, zikabaki skrubu tatu mkononi, na redio ikaimba. Ndiye aliyeweka soketi ya jikoni mwaka tuliponunua friji.

Mama alifia hapo jikoni, asubuhi, sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, naye miguu mitupu. Nilimkuta mimi. Friji tuliitoa nje, tukaiweka uani, siku hiyo hiyo. Siku ya tatu ya msiba, mjomba aliuliza mbele ya watu, "Ile soketi aliiweka nani?"

Ningeweza kutaja jina alilopewa na wazazi. Ningeweza kusema sijui. Nilijibu, "Injinia."

Hakuna aliyecheka. Mkeka mzima uligeuka kumtazama. Mdogo wangu aliinuka, akatafuta viatu vyake pale mlangoni, akatoka. Tangu siku hiyo alikuwa akija anaishia barazani, anaacha mfuko wa mahitaji, anauliza hali yangu na kuondoka. Hakuna aliyemwita Injinia tena.

Baada ya miezi saba niliita fundi umeme akague soketi zote za nyumba. Majirani niliwaambia ni kwa ajili ya usalama, na ni kweli. Lakini naandika haya ili nikumbuke vizuri, kwa hiyo niseme yote: nilitaka mtu mwenye vifaa aniambie kwamba kosa ni la mdogo wangu. Nilikuwa nimechoka kumlaumu bila ushahidi.

Fundi alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alitoa kifaa kidogo mfano wa plagi, chenye taa tatu.

"Zikiwaka mbili za njano, soketi ni nzima," alinieleza. "Ikiwaka moja, tuna maneno."

Alikichomeka kwenye soketi ya jikoni. Ikawaka moja.

"Hii haina ethi," alisema. "Ni ule waya unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Usipokuwepo, chombo kikiharibika ndani, umeme unakaa kwenye bati lake unangoja mtu."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini, dada?"

"Aliyeiweka ni nani."

Alizima swichi kuu, akafungua kifuniko cha soketi, akavuta nyaya taratibu. Nilisogea karibu nilione kosa kwa macho yangu. Alichungulia kwa muda.

"Aliyefunga hapa ana mkono," alisema. "Waya wa kijani uko mahali pake, na umekazwa. Kuna mafundi wenye vyeti ukutani ambao huu huwa wanauombea dua tu."

Alirudisha kifuniko kwa skrubu moja, akawasha umeme, akaendelea. Sebuleni, taa moja. Chumbani kwangu, moja. Chumbani kwa mama soketi iko nyuma ya kitanda. Nilisogeza ndala zake ili apite. Moja.

"Nyumba nzima," alisema. "Basi kosa si la soketi. Tutoke nje."

Waya wa kijani ulitoka chini ya boksi la mita, ukashuka na ukuta hadi kwenye sakafu ya zege tunapofulia nguo. Hapo ukaishia. Ncha yake ilikuwa imekatwa sawasawa na kupakwa rangi pamoja na ukuta.

"Ulitakiwa uingie chini ushike nondo ya shaba," fundi alisema. "Hapa mmejenga lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

"Na vitu vilianza kupiga shoti lini?"

Nilimkumbuka mwashi aliyejenga sakafu ile, amechuchumaa palepale, mwiko mkononi, akiniuliza, "Dada, huu waya unanizuia kunyoosha ukingo. Ni wa nini?" Nilikuwa nimebeba ndoo ya nguo, nina haraka. Nilimwambia, "Hauna kazi. Kata tu." Mama alikuwa ndani. Mdogo wangu alikuwa kazini kwake. Friji ilianza kutekenya mvua zilizofuata.

Fundi alizima swichi kuu, akasema nisiiwashe mpaka kesho atakapokuja na nondo. Hakuuliza nani alikata. Kesho yake zege lingebomolewa kidogo na kuzibwa, na mimi ningebaki peke yangu na jambo hili.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Sikujua nimwiteje, nikasema tu, "Njoo. Uje mpaka ndani."

Alifika alasiri. Nilimpeleka pale pa kufulia, nikamwonyesha ncha ya waya, nikamwambia maneno yangu kwa mwashi kama yalivyokuwa. Alichuchumaa, akakwangua rangi kwa ukucha mpaka shaba ikaonekana.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Na mimi niliahidi Jumamosi," alisema. "Bisibisi ya testa ingewaka, ingeonyesha."

"Lakini walikutazama wewe, kwa sababu yangu. Nitamwambia mjomba. Nitawaambia wote."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Aliinuka, akavua viatu mlangoni, akaelekea jikoni. Akaona kifuniko kimeshikwa na skrubu moja, na nyingine iko mezani.

"Bisibisi bado iko kwenye droo ya vijiko?"

"Ipo."

Nilikwenda chumbani kwa mama, nikarudi na ndala zake, nikaziweka miguuni pa mdogo wangu.

"Dada, umeme si umezimwa?"

"Najua," nikasema. "Vaa tu."

Alizivaa. Visigino vyake vilibaki nje, juu ya sakafu.