Mikono Yangu Ilitundikwa Stoo

Usiku wa jana niliota kocha Kalunde ananivua mikono.

Aliivua taratibu kuanzia mabegani, akaitundika kwenye msumari wa stoo. "Leo hakuna kugusa mpira, Mama Mihayo. Leo ni kuangalia tu."

Sikubisha. Mimi ni dobi wa hospitali, miaka arobaini na sita, na timu yetu ya mpira wa wavu ndiyo raha yangu pekee. Kwa wiki tatu, kila nikianzisha mpira, unaishia wavuni. Kocha alishasema nikikosa tena Jumamosi, jezi yangu anavaa mtu wa maabara. Niliogopa kweli.

Tunakaa kwenye benchi. Uwanja umekuwa wodi ya wazazi, na wavu umesimama katikati ya vitanda, umefungwa bandeji.

"Zote hizi ni zako," wavu unaniambia.

"Pole."

"Nimeshapoa."

Anaingia bingwa wa kuanzisha mpira. Anapiga. Mpira unatua upande wa pili kabla hajaurusha. Vichanga vinapiga makofi.

"Umeona?" kocha anauliza.

"Sijaona kitu."

"Hata mimi," anasema, na anamruhusu bingwa aende nyumbani.

Anayefuata ni korongo. Amevaa jezi yangu, nami navumilia. Anarusha mpira, unamwangukia kisogoni.

"Umeurusha nyuma," wavu unamwambia.

Anaurusha mbele, anaupiga kwa ncha ya bawa. Unadondoka miguuni.

"Tumia kiganja."

"Sina kiganja."

"Hilo si tatizo langu."

Korongo anafikiri kidogo, kiganja kinaota. Anapiga tena. Mpira unaingia wavuni, wavu unaguna.

"Macho yako yamevuka kabla ya mpira. Uangalie mpaka uuguse."

Nashtuka. Kosa langu ndilo hilo! Sikuwahi kuliona, maana siku zote nilikuwa nalifanya mwenyewe. Huko stoo nasikia mikono yangu inajigonga ukutani, inajaribu.

Safari hii korongo anautazama mpira mpaka mwisho. Unavuka. Nalia kwa furaha, na sina cha kufutia machozi.

"Nirudishieni mikono yangu!"

Nikaamka, kumekucha. Chandarua kilikuwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote nne, kama tulivyokiacha. Mume wangu alikuwa ananitazama.

"Mama Mihayo, mto wako uko wapi?"

Ulikuwa nje ya chandarua, kule mlangoni. Nilikikagua mara mbili, hakina tundu hata moja. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kinawaka moto.

"Jumamosi usiende popote," nikamwambia. "Njoo uwanjani unione."