Kigingi cha Nyanchera

Hema lenyewe halikufika uzito wa paketi ya unga wa ugali, lakini lilitosha kuwakalisha watu kitako nyumbani kwa Mzee Nyasani alasiri nzima. Kama kuna anayeona hilo ni jambo la kawaida, basi na ayasikie yote.

Nyanchera, binti wa mzee huyo wa Manga, alifanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Itumbe na kupanga chumba hukohuko. Likizo yake ilipofika alikuwa na nia moja tu: kuendesha baiskeli peke yake, ateremke Kisii, apite Migori, afuate ziwa mpaka Kisumu, kisha apande Kericho na kurudi nyumbani. Alitaka hema kwa sababu alikwisha kuchoka na gesti. Mwanamke akifika gesti peke yake, anaulizwa anamngoja nani. Akisema hamngoji mtu, anaangaliwa toka juu mpaka chini kama mbuzi wa kuuzwa.

Hema alilinunua soko la Daraja Mbili kwa Osewe, aliyeuza mitumba ya vitu vya safari. Osewe alimwonyesha kwanza tenti kubwa yenye vyuma, akasema humo angeweza kulala na ng'ombe wake wawili. Nyanchera akamjibu kwamba ng'ombe hao ndio wangeibeba. Ya pili ilikuwa nyepesi ajabu, ila ilikuwa na kitambaa kimoja tu, na usiku wa baridi wa milimani pumzi yako mwenyewe ingegeuka maji na kukudondokea usoni. Ya tatu ilikuwa ya kijani, yenye tabaka mbili, wavu wa mbu ndani, na vijiti vya alumini vinavyokunjika. Aliingiza kichwa na tochi ya simu akatafuta matundu, akapapasa mishono kama haijaanza kunata kwa uzee, kisha akajilaza ndani palepale sokoni ili aone kama miguu inatosha. Watu walicheka. Osewe akaazima mizani ya muuza dagaa wa omena aliyekuwa jirani, akalipima hema mbele ya wote. Nyanchera alilichukua kwa wepesi wake na kwa rangi yake pia. Anayelala peke yake kando ya barabara hahitaji rangi inayoita watu.

Sasa, hema la mtumba halipelekwi safari bila kujaribiwa. Lazima linyeshewe kwanza, na Manga mvua ya alasiri haikosi. Kwa hiyo alifika nyumbani, akamsalimia baba yake, akatafuta mahali tambarare. Kwenye mlima ule wa Manga mahali tambarare ni pachache kama meno ya mzee. Alipata mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, kati ya migomba na kaburi la mama yake. Akachukua jiwe, akapigilia vigingi.

Persis, mke wa kaka yake Mogaka, alikuwa akiosha vyombo. Aliona kigingi cha kwanza kikiingia ardhini, akaona cha pili. Cha tatu hakukingoja. Alikausha mikono, akampigia simu mumewe aliyekuwa sokoni.

Mtu asiyeijua Manga atauliza kosa liko wapi. Pale nyumbani, mtoto wa kiume akitaka kujenga, baba ndiye anayemwonyesha mahali. Baba ndiye anayeshika nguzo ya kwanza ikae wima huku kijana akishindilia udongo. Mogaka alishikiwa yake, na Nyanchera alikuwepo, yeye ndiye aliyebeba maji ya kukandia. Binti hashikiwi nguzo. Binti husubiri kuonyeshwa mahali na watu wengine, na asipoolewa, hulala jikoni na kunyamaza. Na tangu sheria iseme kwamba binti naye anarithi, kina kaka wa huko wamekuwa kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Mwanamke asiyeolewa, akipigilia vigingi katika shamba la babake, hajaribu hema. Anajikatia shamba.

Mogaka alifika na bodaboda, hakusalimia mtu. Nyanchera alikuwa ndani akimpa baba yake chai, akasikia kitambaa kikipigapiga. Alipotoka alimkuta kaka yake anang'oa vigingi na kuvirusha kwenye nyasi za ng'ombe, kimoja kimoja. Hema lililala chini kama ndege aliyevunjwa bawa, na Mogaka akapita juu yake kwa buti la shambani. Kijiti kimoja kikapinda.

Wahenga walisema hasira hasara. Hawakumwona Mogaka siku hiyo. Nyanchera alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alimwambia aondoe mguu wake. Mogaka akamwambia aondoe nyumba yake. Nyanchera aliposikia neno nyumba, ndipo alipoelewa, na kuelewa kukamzidishia hasira badala ya kuipunguza.

Baba mdogo Masese aliitwa, na mvua ilipoanza walikaa wote chini ya mabati ya jiko. Masese ni mmoja wa wale watu ambao wakipewa kiti na kikombe cha chai wanakuwa hakimu. Alianza na mababu, akapitia kila mpaka wa ukoo, akafika kwa mabinti wa siku hizi waliosomeshwa wakasahau njia ya kwa mume. Alisema leo ni kitambaa, kesho ni mabati. Persis akaongeza kwamba kijijini tenti hujengwa kukiwa na msiba tu, na mzee hana afya. Mradi kila mmoja alitia ukuni wake motoni.

Nyanchera alieleza. Aliwaonyesha baiskeli na mifuko yake. Akawatajia kila mji ambao angepitia. Aliwaambia kwamba kesho yake asubuhi hema hilo lingekuwa njiani na yeye pamoja nalo, na kwamba hakuna mtu duniani anayejenga nyumba ya kukunja. Mogaka alitazama pembeni kana kwamba anasikiliza redio ya jirani.

Lakini kilichomchoma zaidi ni baba yake. Mzee Nyasani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anapuliza chai iliyokwisha kupoa zamani. Nyanchera angeweza kuyasamehe maneno ya Masese, debe tupu lazima livume. Kimya cha baba yake hakukiweza.

Masese akakata shauri. Hema litoke kabla ya giza. Na Nyanchera akirudi kutoka huko anakozunguka, asilete vitu vyake tena, alale jikoni kama mgeni mwingine yeyote, kisha aende zake kazini.

"Mgeni," Nyanchera akasema. Kaburi la mama yake lilikuwa hatua chache kutoka hapo.

Hakubishana tena. Alitoka mvuani akaanza kufunga mizigo, macho yao yakimfuata. Tabaka la nje lililolowa alilikung'uta kwa nguvu mpaka Masese akavuta miguu yake nyuma, akalitia kwenye mfuko wa peke yake lisiloweshe la ndani. La ndani hakulikunja. Alilisokomeza mfukoni kwa ngumi, kwa kuwa kitambaa kinachokunjwa palepale kila siku hukatika, na siku hiyo ngumi zilikuwa tayari. Mfuko huo aliufunga kwenye usukani. Kijiti kilichopinda alikinyoosha gotini, akavifunga vijiti vyote chini ya chuma cha juu cha baiskeli. Halafu akaingia kwenye nyasi za ng'ombe kutafuta vigingi. Aliviokota vyote isipokuwa kimoja.

Aliponyanyuka alimwona baba yake naye yumo nyasini, ameinama, suruali imelowa mpaka magotini. Mzee alipekuapekua, akakiokota kigingi cha mwisho, akampa bila kumtazama.

Nyanchera alikipokea. Kisha badala ya kukitia mfukoni alirudi nyuma ya jiko, pale hema lilipokuwa, akaliokota lile jiwe lake.

"Nilikuja kujaribu tenti," akawaambia. "Sikutaka hata shimo la panya katika shamba hili. Sasa nataka. Hiki nakiacha hapa, na nikirudi nitajua pa kuanzia."

Mogaka akainuka. Masese akafungua mdomo. Mzee Nyasani aliwapita wote wawili polepole, akapiga magoti kwenye tope mbele ya binti yake, akakishika kigingi kwa vidole viwili kikae wima.

Nyanchera alikuwa bado amemkasirikia. Alimkasirikia hata hapo, kwa kuchelewa.

"Piga," mzee akasema. "Lakini vidole hivi bado vina kazi."

Nyanchera akainua jiwe.