Mguu Wangu Naujua

Lango la kanisa letu la Gilgil lilikuwa limelala chini ya Pijo yangu, na waumini wote walikuwa wakiitazama miguu yangu. Injini ilinguruma mpaka nilipoizima. Nikasema, "Nilitoa mguu kwenye mafuta, gari likakataa kutulia." Walinipa pole ya kumpa mtu aliyefiwa, na mwanangu Kamande akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwake.

Nina miaka sabini na tatu. Arobaini na mmoja kati ya hiyo nimeiendesha Pijo hii, 404 ya rangi ya maziwa, tangu nilipokuwa mkunga nikizunguka mashamba yote ya huku. Kamande mwenyewe nusura azaliwe kwenye kiti chake cha nyuma. Leo wananiambia nimechanganya pedali.

Fundi Sitati alikuja siku ya pili, gari limelala baridi uani tangu livutwe nyumbani jana. Akakanyaga pedali ya mafuta mara tatu bila kuliwasha.

"Mathe, hii iko fiti. Labda ni mguu tu."

Mguu tu! Nilitamani kumpiga teke kwa mguu huohuo.

Jioni Kamande akapiga simu kutoka Nairobi. "Mama, nimepata mtu wa kuichukua Pijo. Nakuja naye Jumamosi. Tafadhali usikasirike."

Nilikasirika. Lakini kibaya zaidi, nilianza kuwaamini. Nilisimama jikoni nikiutazama mguu wangu wa kulia, nikijiuliza kama kweli umenigeuka. Hilo liliniuma kuliko lango.

Ijumaa nikafungua boneti. Ufunguo walichukua, mikono waliniachia. Nilizifuata zile fito nyembamba zinazotoka kwenye pedali hadi kwenye kabureta, nikizisukuma kiungo kwa kiungo. Zote zilicheza vizuri, na moyo ukanivunjika. Nilipokuwa nikifuta vidole ndipo nikahisi kitu kinakwaruza. Krismasi iliyopita Kamande, kwa kutaka kunifurahisha, alipaka grisi kila mahali alipoona chuma. Grisi hiyo ilikuwa imekunywa vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi, ikawa uji mzito wenye mchanga. Ikiwa baridi, fito zinateleza. Vyuma vikipata moto na kutanuka, zinakwama. Na Jumapili ile nilikuwa nimepanda mlima mzima nikienda kanisani. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kwa hasira.

Ningeweza kuzisafisha saa hiyohiyo. Nikafunga boneti.

Jumamosi Kamande alifika na mnunuzi wake, bwana mpole wa Lanet aitwaye Kiprugut. Nikawatengea chai uani.

"Kabla hamjaenda nayo, iwashe," nikamwambia Kamande. "Iache ingurume mpaka tumalize chai."

"Ya nini sasa, mama?"

"Iwashe."

Tulikunywa vikombe viwili viwili, tukizungumzia mvua. Kisha nikamketisha Kamande kwenye usukani, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa.

"Kanyaga mafuta mpaka chini." Akakanyaga. "Haya, toa mguu."

Injini ikazidi kupiga kelele. Kuku wakatawanyika.

"Toa mguu, Kamande!"

"Nimetoa! Mama, haki ya Mungu, nimetoa!" Magoti yake yalikuwa yamepanda mpaka kifuani.

Niliiacha ipige kelele kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha nikapitisha mkono dirishani, nikaizima. Ufunguo ukabaki kiganjani mwangu.

Kiprugut alikitazama kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu ndani. Kamande alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Si ungeniambia, mama?"

"Nilikuambia. Mbele ya kanisa zima."

Akainamisha kichwa.

"Wacha nimwite Sitati aisafishe," akasema.

Petroli na brashi nilikuwa nimeshaviweka tayari karibu na gurudumu. Nikamfungulia mlango.

"Shuka," nikamwambia. "Umekalia kiti changu."