Marehemu Asiye na Kiu

Jumatatu moja ya masika ya mwaka 1934, Mektrida alikuwa jikoni kwake Kibosho akimenya ndizi, mikono imejaa utomvu, mkwewe Mzee Maleko alipoingia na kuketi kwenye kigoda. Mzee alikuwa na miaka sita kaburini. Mektrida alimwamkia shikamoo, akachochea kuni apate joto.

"Nimesikia nina kiu," alisema Mzee Maleko. "Nani kawaambia?"

Waliosema ni wazee wa ukoo. Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa, na wazee wakaamua kwamba marehemu ana hasira. Mektrida ndiye aliyebaki kwenye kihamba cha mzee, ile migomba na kahawa aliyoachiwa na marehemu mumewe, Remigius. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetakiwa kupika mbege, pombe ya ndizi, aimwage kaburini na kumwomba marehemu radhi. Asipofanya hivyo kufikia Jumamosi, atoke na wanawe wawili. Mektrida alikuwa Mkristo. Alisema atamwombea mkwewe, lakini kumwomba, hapana. Shemeji yake Basili alibatizwa siku moja naye, kwa maji yaleyale, na ndiye aliyekitaka kile kihamba kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Padri wako sikumpenda, na mpaka leo simpendi," alisema Mzee Maleko. "Ila mbege nilikunywa ya kutosha nikiwa hai. Nitakwenda kuwaambia."

Jumamosi alitangulia njiani, Mektrida na watoto nyuma. Watu walimpisha na kumwamkia. Mkutanoni alipewa kigoda cha mbele. Remigius hakuja, hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa mikutano.

"Sina kiu," Mzee Maleko aliwaambia. "Mwacheni mke wa mwanangu na Mungu wake."

Mzee Kisanga, mkubwa wa ukoo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tumekusikia, meku, mzee wetu. Lakini marehemu hajisemei. Wazee ndio wanaomsemea. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo."

"Nilikosea!"

"Mnaona alivyokasirika?" Basili aliwaambia wazee. "Ni kiu hiyo."

Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Mzee Maleko alirudia maneno yake, akayarudia mara ya tatu akigonga fimbo chini, na kila aliporudia wakaona kiu imezidi. Inaudhi hata kusimulia. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa, na mbuzi wenyewe ni ndugu zake.

Mzee Kisanga akamgeukia Mektrida. Hakuwa mtu mbaya. "Mke wetu, mwaga hata kata moja tu. Hatutaki wajukuu wetu walale nje."

Mektrida aliwatazama wanawe. Alitaka kulia, akajikuta amekasirika.

"Meku, mwenyewe huyu hapa amekaa, anasema hataki. Sasa namwagia nani?"

Mzee Kisanga akauliza tena kuhusu ile kata moja.

"Nilimwahidi Mungu siku ya ubatizo, na nyinyi mlikuwepo," alisema Mektrida. "Simwagi."

Jumatatu alihamia kibanda kimoja karibu na misheni. Mzee Maleko alimbebea mtoto mdogo, akabaki hapohapo, akimchanjia kuni na kuilalamikia kengele ya kanisa. Mektrida alisali asubuhi, mchana akapalilia kahawa ya watu. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba ameonewa, na kwamba kihamba chake bado anakitaka. Hakujibiwa, akaendelea kusali.

Desemba Basili alifika kuwasalimu. Alimwuliza shemeji yake kama amebadili nia. Mektrida akasema hapana, akaendelea kupepeta maharage.

"Na wewe, baba, ile mbege ninayokumwagia inakufikia?"

"Haifiki. Na siitaki."

Basili alisikitika kwelikweli. Alipanda mlima kurudi kihambani, akakata mikungu mitatu kwenye migomba aliyoipanda Mektrida, akaivundika, na ilipoiva akampikia baba yake pipa la pili la mbege.