Nirudishwe Chini, Ku Labo

Tangu banipandisha kuwa secrétaire wa faculté ku université, nilianza kulota muchana, macho wazi. Napiga muhuri ku ba-attestation, zile barua za banafunzi, na roho iko ku labo, nakata jani nyembamba, banafunzi banasongamana nyuma yangu.

"Laurentine, biro, climatiseur ya baridi, kiti ya kuzunguka! Unataka nini tena?" yaya yangu Claudine, dada mukubwa, aliniuliza. Miaka kumi na moja ya travaux pratiques ya botanique, kufundisha mimea kwa mikono, nilinungunika: mikroskopi sita, banafunzi mia mbili. Sasa nalilia ile fujo. Muntu muzima, haya gani!

Mardi moja, Jumanne, Osée, aliyechukua nafasi yangu ku labo, alishikwa na malaria. Kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi tu ku mulango: hakuna séance, hakuna masomo leo. Nilifika nayo ku mukono. Banafunzi bananitazama. Nikaingia nayo, nikafunga mulango, nikaanza kufundisha.

Syntiche, mumoja wa banafunzi, binti wa Kilwa yetu ya ku ziwa, hapana ile ya bahari, alileta majani ya ziwa mu chupa. Nilimutayarishia moja. Akainama ku mikroskopi.

"Mayo! Madame, iko inatembea! Ndani ya jani kuko bintu bidogo binazunguka, polepole!"

Nikaangalia na mie. Mwanga, kijani, mwanga. Saa mbili zikapita, sikuzisikia. Na kule juu conseil ya faculté, mukutano wa bakubwa, ilikuwa inaningoja, sababu mie njo naandika procès-verbal, maneno yote ya mukutano.

Doyen Kasonde, mukubwa wa faculté, aliniita, lakini hakupiga kelele. "Madame, utarudi ku kiti yako?"

"Hapana, Doyen. Munirudishe chini."

"Chini kuko Osée. Njo mukubwa wa labo sasa. Ulimufundisha weye mwenyewe. Utamutii?"

Pale nilisikia uchungu, sifichi. Kutumwa na mutoto niliyemufundisha kushika mikroskopi!

"Nitamutii."

Mardi iliyofuata Osée alisimama ku tableau, mbele ya banafunzi, amekonda, jasho linamutoka. "Madame, tuanzie wapi?"

"Weye njo mukubwa. Sema."

Akakohoa. Hakuthubutu kunitazama. "Basi... Madame, ukae na bale ba nyuma. Habaelewi kitu."

Nikaenda nyuma, karibu nikimbie. Mumoja wao alikuwa ameshika wembe upande ya makali. Nikamushika mukono, nikamugeuzia wembe, na kwa furaha tukakata jani ya kwanza, nyembamba.