Njia ya Kumi na Sita

Kila aliyewahi kupiga muziki nami analijua kosa langu: naingia mapema. Mpiga drams mwenye akili husubiri pigo la nne, mimi la tatu halijaisha nimeshafika. Fumie, mpiga besi wetu, alikuwa akiniita Toku wa Treni ya Kwanza, kwa sababu nikiambiwa tukutane saa nne, saa tatu wananikuta nimekaa ngazini nawalaumu wengine kwa kuchelewa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anamwambia hivyo kijana wa miaka ishirini na saba akasikia? Nilidhani ndicho kipaji changu.

Bendi yetu iliitwa Dohani Tano, kwa ajili ya viwanda vya Amagasaki tulikozaliwa, ingawa sisi wenyewe tulikuwa watatu tu. Iwao alipiga gitaa na kuimba. Tulitoa albamu moja, mwaka 1981, yenye nyimbo tisa, na zote anaimba Iwao, maana kampuni ilimtaka yeye. Lakini studioni tulirekodi nyimbo kumi na sita. Katika saba zilizobaki, sita ziliachwa kwa sababu zilistahili kuachwa, na Iwao, ambaye siku hizi ni mtu mkubwa huko Tokyo, hajawahi kuziulizia. Ya saba aliitunga Fumie akaiimba mwenyewe. Iliitwa “Chai ya Shayiri Iliyopoa.” Ndiyo mara pekee aliyoimba mbele ya maikrofoni maishani mwake. Siku iliyofuata lori lilimgonga akiwa juu ya baiskeli, akienda kumchukua mwanawe kwenye kituo cha watoto. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mtoto, Chinatsu, alikuwa hajatimiza miwili.

Chinatsu alilelewa na bibi yake. Kila mwaka katikati ya Agosti, familia zinapowakaribisha marehemu wao nyumbani, nilikwenda na tikiti maji, nikafukiza udi mbele ya picha ya Fumie, kisha nikakaa barazani na mtoto. Swali lake lilikuwa moja.

“Mjomba Toku, mama alikuwa na sauti gani?”

“Nyembamba. Safi. Kama maji ya kisima.”

“Kama yangu?”

“Yako? Wewe unakwaruza kama mlango wa ghala.”

Alikuwa akicheka. Na mimi kila mwaka nilimwambia neno lilelile: sauti ya mama yako ipo, iko kwenye utepe kwa Mzee Muroi, siku moja utaisikia. Nilimwahidi akiwa na miaka minne, nikamwahidi akiwa na miaka kumi na minne, nikamwahidi siku ya kumzika bibi yake.

Muroi alikuwa fundi sauti wetu. Studio yake ilikuwa juu ya duka la vioo, karibu na reli, na kila treni ilipopita ilibidi tuache kurekodi. Ilipofungwa alizihamishia tepe zote kwenye ghala la nyumbani kwake. Mara zote nilipomwomba ule wa Fumie, alinijibu hivihivi: “Umeoza, Toku. Unanata. Uache ulale.” Nilimwita mvivu. Nilimwita bahili wa vumbi. Hakuwahi kunirudishia tusi hata moja, na kwa mtu wa kwetu, ambako tusi hujibiwa kwa tusi, hiyo ilitosha kunifanya nisimame nijiulize. Sikujiuliza.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, Chinatsu alikuja kwenye karakana yangu ya baiskeli akiwa bado na sare ya kliniki ya meno anakofanya kazi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mjomba, Novemba ni ibada ya mwaka wa thelathini na tatu wa mama.”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua ungeshakuja mwezi wa tatu kuniuliza mbona nimechelewa.”

Nilicheka, yeye hakucheka. Mwaka wa kufa huhesabiwa kuwa wa kwanza, na baada ya ibada ya thelathini na tatu hakuna nyingine. Kibao chenye jina la marehemu kinaondolewa, naye anaingia kwenye kundi la wazee wa ukoo ambao hawaitwi mmoja mmoja.

“Hatakuwa mama tena,” akasema. “Atakuwa wahenga tu, pamoja na mababu wasionijua. Nataka kabla hawajamwondolea jina, aimbe pale mbele ya kibao chake. Mara moja tu. Mimi sijawahi kumsikia akisema hata ‘njoo ule.’”

Tukaenda wote kwa Muroi. Mzee ana miaka themanini na tatu, masikio yake yangali makali kuliko yangu. Alianza ule wimbo wake wa utepe kuoza. Chinatsu hakubishana naye. Alipiga magoti akainama mpaka nywele zikagusa mkeka, akabaki hivyo. Mtu akikuinamia namna ile nyumbani kwako, huna mahali pa kukimbilia.

“Inuka, binti,” Muroi akasema mwishowe. Lakini alikuwa akiniangalia mimi. “Jumamosi. Njooni asubuhi.”

Utepe wa zamani hunyonya unyevu na gundi yake inalegea. Ukiuzungusha hivyohivyo, sauti zote zinabanduka zinabaki kwenye mashine. Lazima kwanza uukaushe kwa joto dogo kwa saa nyingi, ndipo uwe na siku chache za kuucheza kabla haujaharibika tena. Muroi aliukausha kwenye mashine ya mke wake ya kukaushia uyoga. Jumamosi ile chumba kizima kilinuka mchuzi.

“Mama yako atatoka ameiva,” nikamwambia Chinatsu, na safari hii alitabasamu kidogo. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo, jambo ambalo huwa halifanyi. Mikono yake aliikalia kama mtoto.

Utepe ule una njia kumi na sita zinazokwenda sambamba, kila ala na njia yake, na meza ya fundi ina kitufe cha kuteleza kwa kila njia, ukikipandisha sauti ya njia hiyo inapanda. Muroi akaiwasha mashine. Zikaja drams zangu, likaja besi la Fumie, zito na la taratibu, likaja gitaa. Moyo wangu ulipanda. Nilikuwa nikiuona mdomo wa Fumie.

“Sasa,” nikasema. “Sikiliza.”

Tukasikiliza. Besi likaendelea.

“Anaingia wapi?” Chinatsu akauliza.

“Hapa hapa.”

“Hapa pameshapita, mjomba.”

“Mzee, umempandisha?”

“Kitufe cha kumi na sita,” Muroi akasema bila kugeuka. “Kiko juu mpaka mwisho.”

Kikafika kiitikio, na kwenye njia ya kumi na sita ikaingia sauti. Ilikuwa tari. Tari kavu, changamfu, linapigwa mapema kidogo kabla ya pigo lake. Nililitambua kama mtu anavyotambua kikohozi chake mwenyewe, na nikatamani sakafu ipasuke.

Ilikuwa Jumanne, siku moja kabla ya lori lile. Fumie alikuwa na mafua, sauti imemkauka, lakini aliimba huku akipiga besi ili sisi tusipotee ndani ya wimbo. Sauti ya namna hiyo ni ya mwongozo. Hakuna studio inayoitunza; ikishamaliza kazi inafutwa na ile nzuri inaimbwa mahali pake. Nilimwambia anaimba kama chura aliyekanyagwa, aende nyumbani akalale. “Alhamisi nitakuja niimbe kama binadamu,” akasema akivaa koti. Alipoondoka nikapata wazo la tari kwenye kiitikio, nami nikipata wazo silali nalo. Njia zote zilikuwa zimejaa. Muroi aliniuliza kama tungoje Fumie aimbe kwanza, halafu tari tulitafutie nafasi.

“Futa tu,” nilimwambia. “Atakuja Alhamisi.”

Nikasimama mbele ya maikrofoni nikapiga tari kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na pale nisipopiga, mashine iliandika ukimya juu ya sauti yake. Jumatano akafa. Mtu anawezaje kusahau jambo kama hilo? Mimi nilisahau. Niliikumbuka sauti yake kwa miaka thelathini na miwili, nikaamini kwamba kilichomo kichwani mwangu ndicho kilichomo kwenye utepe.

“Ni mimi niliyefuta, binti,” Muroi akasema. “Kidole kilikuwa changu.”

Ilikuwa kweli, na ningeweza kujificha nyuma ya kidole hicho. Nikiri kwamba nilijaribu, ubeti mzima. Chinatsu alikuwa akiutazama utepe unavyozunguka, na tari likarudi kwa kiitikio cha pili, nikashindwa kulivumilia.

“Mimi ndiye niliyemwambia afute,” nikasema. “Alitaka tungoje, nikamharakisha.”

Chinatsu alingoja mpaka wimbo ukaisha na mkia wa utepe ukaanza kupigapiga.

“Tari linasikika vizuri,” akasema. “Hakuna hata pigo moja lililopotea.”

Alimwinamia Muroi akamshukuru kwa taabu yake, na kwa uyoga wa mkewe. Mlangoni akavaa viatu polepole, akanigeukia.

“Pole na kazi, Bwana Kuwabata.”

Tangu aanze kusema nilikuwa Mjomba Toku. Sijui kama jina la ukoo wangu lilishawahi kupita mdomoni mwake.

Nilipobaki na Muroi nilimuuliza kama alijua siku zote.

“Tangu siku ya mazishi.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unalia mbele za watu na fimbo zako za drams mkononi. Ningesema nini?” Alikuwa akiuondoa utepe kwenye mashine taratibu. “Nikasema umeoza. Nilidhani ungechoka kuniomba.”

Siku nne baadaye alinipigia simu. Nilimkuta na hedifoni shingoni, macho mekundu. Chumba chetu cha kurekodia kilikuwa kidogo, kati yangu na Fumie kulikuwa na godoro moja tu limesimamishwa, na maikrofoni hazina adabu, zinasikia yasiyowahusu. Muroi alikuwa amezipekua njia za drams zangu moja moja. Ndani ya wimbo hakukuwa na kitu. Kila alipokuwapo Fumie, nilikuwapo mimi juu yake. Lakini kabla ya wimbo, kabla sijaanza, kulikuwa na pumzi, kisha sauti ya mwanamke, mbali lakini wazi: “Taratibu, Toku. Usi—”

Na drams zikaingia.

“Punguza drams,” nikamwambia.

“Ni njia moja, Toku. Nikikupunguza wewe, nampunguza na yeye.”

Ibada ilikuwa Jumapili. Nilikaa nyuma kabisa. Tulikuwa watu sita, na mtawa alikuwa kijana aliyezaliwa baada ya Fumie kufa. Akasoma, akagonga kengele, akalitaja jina la Fumie kwa mara ya mwisho, kisha kibao kikafungwa kwenye kitambaa cheupe kikaondolewa. Hakuna kilichochezwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuziba pancha.

Nilimfuata Chinatsu uani, karibu na ndoo za kumwagilia makaburi. Nilimweleza nilichonacho kwenye simu, kipande alichonirekodia Muroi, na nikamweleza ni kidogo kiasi gani, ili asitumaini. Alivaa hedifoni. Nikabonyeza.

Alisikiliza mara ya kwanza bila kupepesa. Akaashiria nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akafumba macho. Mara ya tano midomo yake ilianza kwenda na yale maneno, taratibu, Toku, usi, na nikaona bega lake likishtuka drams zilipoingia. Tukarudia hivyo, sijui mara ngapi, na kila mara niliomba kwa ujinga wangu kwamba yule kijana wa kwenye utepe, mimi wa zamani, angesubiri.

“Usi nini?” akauliza.

“Usikimbie, nadhani.”

“Unadhani.”

“Nadhani.”

Akavua hedifoni lakini hakunirudishia. Alizishika kifuani.

“Uliniambia ilikuwa nyembamba,” akasema. “Miaka yote ile. Safi, kama maji ya kisima. Kumbe nzito. Inakwaruza, kama yangu hasa.” “Nimeirithi sauti hii kwake, na wewe hukujua. Ulipiga naye muziki miaka yote na hukuwa unamsikiliza.”

Alikuwa na mafua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu: alikuwa na mafua siku ile, mwanangu, koo lilikuwa limemkauka, hiyo siyo sauti yake. Sauti yake haiko tena popote duniani isipokuwa humu kichwani mwangu, nami nimeshazeeka.

Alinitazama akingoja nijitetee. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nikaendelea kuhesabu. Sikuingia.