Tumbo la Pijo

Siku mguu wa Bi Noorjehan ulipopitiliza sakafu ya gari na kiatu chake kikabaki barabarani, nusu ya soko la Kilindoni iliona. Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 la mumewe, Nazarali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila tumbo mpaka likawa kama biskuti iliyochovywa chai.

Noorjehan alichomoa mguu, akateremka, akakifuata kiatu mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wauza samaki wote:

"Wallahi, Baba Maleeha, sikanyagi tena humu mpaka liwe kama lilivyotoka kiwandani!"

Akaita bodaboda, akakaa upande na buibui lake, akaenda zake.

Mume mwenye akili angengoja hasira zipoe. Lakini Nazarali, jamani! Mtu huyu ukimpa neno hulishika kwa meno. Na alikuwa na sababu. Gari lile ndilo alilomchukulia Noorjehan uwanja wa ndege alipokuja bibi harusi kutoka Dar, masanduku juu, yeye mbele amejitanda, hamtazami mtu. Sasa binti yao Maleeha naye aliposwa, na wazazi wa bwana harusi walikuwa washuke na ndege Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Mama wa bibi harusi aende kupokea wakwe juu ya bodaboda, na mumewe anafuata nyuma na gari tupu? Heri kufa.

Kuchomelea bati jipya sakafuni, gerejini, kulikuwa kazi ya siku moja. Fundi akasema tayari. Nazarali akalala chali, akachungulia chini, akaona lami iliyopakwa na marehemu baba yake, kutu, na matope ya masika yote tangu hapo.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Nani atatazama huko?"

"Mimi."

Gereji ile haikuwa na shimo la kufanyia kazi chini ya gari. Nazarali akaenda Miburani kwa Mzee Ukasha, fundi wa mashua, akamwamkia na kumweleza shida yake. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

"La kuvunda halina ubani, Bwana Nazarali. Lakini sisi mashua hatutambai chini yake. Tunailaza ubavu."

Basi wakalilaza. Mafuta yalimwagwa kwenye madumu, betri ikatolewa, na wanaume wa Miburani wakashika kamba na kuvuta kwa wimbo uleule wanaovutia mashua. Pijo likajilaza ubavu taratibu juu ya magodoro sita mapya ambayo Noorjehan alikuwa ameyaweka kwa ajili ya wageni wa harusi. Noorjehan alipata habari za magodoro kabla kamba hazijafunguliwa. Mambo ya Kilindoni hayo.

Kesho yake Nazarali alichelewa kufika. Alipofika, harufu ilimpokea mbali. Mzee Ukasha, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameanza kulipaka tumbo la gari sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua zisiliwe na maji.

"Mzee wangu! Kiwandani hawapaki papa!"

"Ndiyo maana limeoza."

Nazarali akalifunika gari turubai harufu isisambae, lakini paka walishakusanyika. Nyuma yao akaja Bwana Mfaume, askari wa hifadhi ya bahari aliyekuwa likizo nyumbani kwao, pua mbele.

"Papa kavuliwa wapi?" akauliza kwa ukali.

"Mafuta ya zamani, mwanangu, ya tangu hamjaja na hifadhi yenu," akasema Mzee Ukasha.

"Na hicho mlichokifunika turubai?"

Nazarali akafunua. Askari akalitazama gari, akamtazama Nazarali, akawatazama paka.

"Hilo," akasema, "halimo kwenye mafunzo yangu." Akaondoka akijifuta pua.

Sifa ikaoshwa kwa mafuta ya taa na sabuni. Nazarali akakwangua lami wiki baada ya wiki, mpaka nyuma ya tangi akakuta kipande cha rangi ya kwanza, kadiri ya kiganja: kijivu, na juu yake vitone vya rangi ya maziwa ya mwili wa gari, na tone moja refu lililochuruzika likakaukia hapo. Akapiga ukelele: hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani! Watu wakadhani kaumwa na nge.

Rangi akaichanganya mwenyewe, katika sufuria ya pilau. Ndiyo, na hilo pia lilimfikia Noorjehan. Alipomaliza kijivu akapiga vitone, kisha akachukua kijiti na kuchuruzisha tone moja refu palepale lilipokuwa la zamani.

"Hata uchafu wao unauiga?" akauliza Mzee Ukasha.

"Uchafu wa kiwandani si uchafu."

Jumamosi Noorjehan akaletwa kukagua, gari lingali limelala. Akalizunguka. Akaligusa lile tone kwa kidole, akalikuta kavu. Nazarali akasimama kando kama mtahiniwa.

"Na magodoro yangu?" akauliza mkewe.

"Yamechakaa kidogo."

"Haya. Ijumaa nitapanda."

Ijumaa ikafika, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kana kwamba imetumwa. Gari lilikuwa limeshainuliwa; Noorjehan akapanda, amejipamba, ananukia udi. Wakaenda vizuri mpaka kwenye njia ya uwanja wa ndege. Pale palikuwa na dimbwi la tope jekundu, pana kuliko gari. Nazarali akafunga breki.

"Tungoje jua likaushe."

"Likaushe nini?"

"Mama Maleeha, tope litarukia chini ya gari. Lile tone..."

Ndege ikapita juu yao ikishuka. Noorjehan akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akainua mkono kuita bodaboda.

Nazarali akautazama ule mguu, na kiatu ni kilekile cha siku ile.

"Rudi ndani," akasema. "Funga mlango."

Akalipitisha gari katikati ya dimbwi. Tope likapiga chini, pwa, pwa, na kila pwa ilimwingia kifuani. Noorjehan alikuwa ameinua miguu yote miwili, mazoea ya zamani.

"Unalia, Baba Maleeha?"

"Tope limeniingia jichoni."

"Vioo vimefungwa." Akamfuta shavu kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilitaka sakafu tu. Lile la kiwandani nililisema kwa hasira."

Nazarali akageuka kumtazama, mdomo wazi. Miezi miwili! Noorjehan akaishusha miguu polepole, mmoja, kisha wa pili, akakanyaga mara moja kwa nguvu pale palipokuwa na tundu. Bati halikutikisika.

"Mbele kuna dimbwi jingine," akasema, akiiacha miguu pale pale. "Pita tu."